Utafiti baada ya uzamivu: nafasi za sayansi katika Chuo Kikuu cha Cape Town na masharti ya kusomwa kwanza

Mwaka mzima, Chuo Kikuu cha Cape Town nchini Afrika Kusini hutangaza nafasi za utafiti kwa watu waliokwisha kupata shahada ya uzamivu. Leo nafasi ni ya maabara ya kifua kikuu, kesho ni ya idara ya fizikia, kesho kutwa anatafutwa mtaalamu wa bahari au wa ndege wa porini. Matangazo hayo huwafikia pia wasomi wa ukanda wa Maziwa Makuu, ambao wengi wao walisoma kwa taabu na sasa wanajiuliza waelekee wapi.

Kwa mwalimu wa chuo kikuu aliyeko Bujumbura, Kigali, Bukavu au Kampala, tangazo la namna hii huonekana kama ajira ya nje yenye mshahara. Kwa desturi ya vyuo vikuu vya Afrika Kusini, hata hivyo, nafasi hizi nyingi huhesabiwa kuwa ni ufadhili wa utafiti. Tofauti kati ya ajira na ufadhili ndiyo huamua nani anaruhusiwa kuomba, atalipwa nini, atalindwa na sheria gani, na atarudi nyumbani akiwa na nini mkononi. Makala hii inaeleza nafasi hizo ni za namna gani, chuo chenyewe kina nini cha kutoa katika sayansi, na mambo ambayo msomi wa ukanda wetu anapaswa kuyapima kabla ya kutuma maombi.

Maana ya nafasi ya baada ya uzamivu

Mwanafunzi wa uzamivu hujifunza kufanya utafiti chini ya msimamizi. Nafasi ya baada ya uzamivu ni kipindi cha kati, aghalabu cha mwaka mmoja hadi mitatu, ambacho mtafiti si mwanafunzi tena, lakini bado hajawa mhadhiri mwenye maabara yake. Huingia katika kundi la profesa mwenyeji, hushika sehemu ya mradi ambao fedha zake zimekwisha kupatikana, huandika makala za kisayansi, na mara nyingi husaidia kuwaongoza wanafunzi wa uzamili na wa uzamivu.

Utaratibu huu si wa jana. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani kilitoa ufadhili kwa watafiti vijana tangu kilipofunguliwa mwaka 1876. Kuanzia mwaka 1919, fedha za Rockefeller Foundation ziliueneza zaidi, hasa katika fizikia na kemia. Leo, katika nyanja nyingi za sayansi, ni vigumu kupata uhadhiri katika chuo kikubwa cha utafiti bila kupitia hatua hii.

Katika vyuo vingi vya ukanda wetu mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Chuo humwajiri kijana mwenye shahada ya kwanza au ya uzamili awe mhadhiri msaidizi, humpa ruhusa ya kwenda kusoma uzamivu, naye hurudi kwenye kiti chake cha kudumu. Anaporudi hukuta madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha na vikao vya idara, na utafiti alioanza hudumaa. Ndiyo maana nafasi ya miaka miwili ya utafiti mtupu huvutia mno. Lakini kiti kile cha kudumu, ambacho ni neema nyumbani, ndicho kinachoweza kuwa kizuizi huko aendako, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Chuo na nyanja zake za sayansi

Chuo Kikuu cha Cape Town kilianza mwaka 1829 kama South African College na kikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1918. Majengo yake makuu yapo Rondebosch, chini ya Devil's Peak, na kitivo chake cha afya kiko jirani na Hospitali ya Groote Schuur, ambako Christiaan Barnard alifanya upasuaji wa kwanza duniani wa kupandikiza moyo wa binadamu, tarehe 3 Desemba 1967. Allan Cormack, aliyekuwa mhadhiri wa fizikia chuoni hapo, alianza katika miaka ya 1950 hesabu zilizochangia kupatikana kwa mashine ya skani ya CT, naye alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Kwa mtafiti wa leo, nguvu ya chuo hiki inatokana kwa kiasi kikubwa na mahali kilipo. Kuna nyanja tano ambazo mtu wa sayansi hana budi kuzijua.

Ya kwanza ni elimu ya nyota. Katika nyika kame ya Karoo, mkoa wa Northern Cape, kuna darubini ya redio ya MeerKAT yenye antena 64, iliyozinduliwa Julai 2018. Inajengwa kuwa sehemu ya mradi wa kimataifa wa SKA, ambao nchi washirika wake wa Afrika ni pamoja na Kenya na Zambia. Chuo cha Cape Town, kile cha Pretoria na kile cha Western Cape vina taasisi ya pamoja ya kuchambua wingi wa data za darubini hizo. Hapa hawatafutwi wanafizikia peke yao. Wataalamu wa takwimu na wa kompyuta nao huhitajika.

Ya pili ni magonjwa ya kuambukiza. Kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi vimeielemea Afrika Kusini kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo nchi imejenga maabara na vituo vya utafiti katika jamii zenyewe, kama vile Khayelitsha na Worcester. Mfano wa karibu ni jaribio la sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Jaribio hilo liliongozwa na Linda-Gail Bekker wa Kituo cha Desmond Tutu cha chuo hiki na likafanyika Afrika Kusini na Uganda. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa katika wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna aliyeambukizwa.

Ya tatu ni ugunduzi wa dawa. Kituo cha H3D kilianzishwa mwaka 2010 na Kelly Chibale, mwanakemia mzaliwa wa Zambia. Mwaka 2012 kundi lake, pamoja na shirika la Medicines for Malaria Venture, lilitangaza molekuli mpya dhidi ya malaria, na mwaka 2014 majaribio kwa binadamu yakaanza. Molekuli hiyo haikufika sokoni, lakini kazi hiyo ilithibitisha kuwa mnyororo mzima wa kutafuta dawa, tangu kemia hadi mgonjwa, unaweza kuongozwa kutoka Afrika.

Ya nne ni bahari na tabianchi. Cape Town iko mahali ambapo mkondo baridi wa Benguela na mkondo wa joto wa Agulhas hukaribiana, na kutoka bandari yake meli ya utafiti ya S.A. Agulhas II husafiri hadi Antaktika. Ya tano ni viumbehai: Taasisi ya FitzPatrick, iliyoanzishwa mwaka 1960, ni kitovu cha utafiti wa ndege wa Afrika, na uoto wa asili wa Rasi yenyewe una maelfu ya aina za mimea isiyopatikana kwingineko.

Msomi ayatazame mambo haya kwa jicho la faida. Mtu aliyechunguza samaki wa Ziwa Tanganyika, malaria ya nyanda za juu za Burundi au ndege wa msitu wa Nyungwe ana ujuzi na data ambazo maabara ya Cape Town haina. Barua inayoeleza hilo kwa uwazi husomwa tofauti na barua inayoomba msaada tu.

Ufadhili na ajira

Matangazo ya nafasi hizi kwa desturi hueleza mambo matatu pamoja: kwamba malipo ni ya ufadhili na yanatolewa bila kukatwa kodi ya mapato, kwamba hakuna marupurupu kwa kuwa si ajira rasmi, na kwamba mtafiti atafuata kanuni za chuo zinazohusu watafiti wa kundi hili. Sentensi hizo chache zina uzito kuliko kurasa zote za maelezo ya mradi.

Kutokatwa kodi kunaonekana kuwa faida, na kwa kiasi fulani ni faida. Lakini anayelipwa ufadhili hachangiwi pensheni, hamo katika mfuko wa bima ya watu waliopoteza kazi, na bima ya afya hujitafutia mwenyewe. Ufadhili ukikoma kwa sababu fedha za mradi zimekwisha, hana kiinua mgongo. Kwa mtafiti mwenye mke au mume na watoto, mambo haya si madogo. Mjamzito anapaswa kuuliza mapema kama malipo huendelea wakati wa uzazi, na jibu liwe la maandishi.

Hali si hiyo kila mahali. Nchini Uingereza mtafiti wa baada ya uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo kwa mkataba wa muda maalumu: hukatwa kodi, huchangiwa pensheni, na ana haki ya likizo. Nchini Ujerumani wengi huajiriwa kwa ngazi za mishahara ya umma, ingawa sheria huweka ukomo wa kawaida wa miaka 6 ya mikataba ya muda baada ya uzamivu, au miaka 9 katika tiba. Ukomo huo ulizusha malalamiko makubwa ya watafiti wa nchi hiyo mwaka 2021. Nchini Marekani watafiti wa Chuo Kikuu cha California waligoma Novemba 2022 pamoja na maelfu ya wafanyakazi wengine wa kitaaluma, wakidai malipo yanayolingana na gharama za maisha. Swali la hadhi ya mtafiti huyu, kwa hiyo, linaulizwa duniani kote. Kinachotofautiana ni jibu la kila nchi.

Masharti mawili yanayowagusa wasomi wetu

Masharti mawili hurudiwa katika matangazo mengi ya chuo hiki. La kwanza ni kwamba mwombaji awe amepata shahada ya uzamivu katika miaka mitano iliyopita. La pili ni kwamba asiwe amewahi kushika kazi ya kudumu ya kitaaluma au ya kitaalamu.

Sharti la kwanza huhesabu muda tangu shahada ilipotolewa. Aliyetunukiwa mwaka 2023 ana nafasi hadi mwaka 2028, si zaidi. Katika ukanda wetu ambako vita, migomo na ucheleweshaji wa mahafali vimekula miaka ya watu, saa hii haina huruma. Anayetaka njia hii aanze kutafuta mwenyeji miezi kadhaa kabla ya kutetea tasnifu, asisubiri hadi avae joho. Ambaye amefaulu lakini hajatunukiwa aombe kwa msajili wa chuo chake barua rasmi inayothibitisha kuwa amekamilisha kila kitu.

Sharti la pili ni zito zaidi. Likisomwa neno kwa neno, linaweza kumwondoa mhadhiri wa kudumu wa Burundi, Rwanda, Kongo au Uganda hata kama uzamivu wake ni wa juzi. Shabaha yake ni kuelekeza fedha kwa wanaoanza safari ya kitaaluma, lakini limeandikwa kwa kufikiria mfumo ambao mtu hupata kwanza uzamivu ndipo aajiriwe. Kwetu mpangilio ni kinyume. Mwombaji wa aina hiyo asifiche ajira yake, kwa kuwa wasifu wake na barua za waliomfundisha zitaonyesha, na udanganyifu huvunja mkataba. Aandike kwa profesa mwenyeji kabla ya kuomba, aeleze kuwa aliajiriwa kama msaidizi kabla ya kuhitimu, na aulize kama chuo kinaweza kumkubali kwa kanuni hizo au kumpokea kwa njia nyingine, kwa mfano kama mtafiti mgeni anayelipwa na chuo chake cha nyumbani au na shirika la tatu.

Aidha, asijiuzulu kazi ya nyumbani kwa haraka ili kutimiza sharti hilo. Kwanza, neno lenyewe husema asiwe amewahi kushika kazi hiyo, kwa hiyo kujiuzulu huenda kusisaidie. Pili, ufadhili wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa ni ahadi ya mwaka mmoja. Barua ya likizo bila malipo, iliyosainiwa na mkuu wa chuo na kutaja tarehe ya kurudi, ni kinga bora kuliko matumaini.

Kinachomsukuma mwenyeji

Ni vyema mwombaji aelewe kwa nini maprofesa wa Afrika Kusini huwatafuta watafiti hawa. Serikali ya nchi hiyo hutoa ruzuku kwa vyuo vikuu vya umma kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, idadi ya makala zilizochapishwa katika majarida yanayotambuliwa na idadi ya wahitimu wa uzamili na uzamivu. Mtafiti aliyekwisha kupata uzamivu, asiye na mzigo mkubwa wa kufundisha, huandika makala nyingi. Kila makala yenye jina la chuo huingia katika hesabu ya ruzuku.

Kwa sababu hiyo mtafiti si mpokeaji tu. Naye ana anachokileta. Hilo linampa haki ya kuuliza maswali bila haya. Nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala? Je, anaweza kukamilisha makala za tasnifu yake ndani ya muda huo, na zitabeba jina la chuo gani? Data alizokusanya nyumbani zitabaki mali ya nani? Je, zipo fedha za kuhudhuria mikutano ya kisayansi? Mkataba ukiisha, ataruhusiwa kuendelea kutumia data za mradi? Profesa mwema hajibu maswali haya kwa kukasirika.

Jinsi ya kuomba

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kujibu tangazo. Kwa kawaida huombwa barua ya maombi, wasifu wenye orodha ya machapisho, nakala zilizothibitishwa za vyeti na matokeo, na majina ya wadhamini wa kitaaluma wawili au watatu. Wanaofaulu mchujo wa kwanza huitwa kwenye usaili, ambao kwa walio nje hufanyika kwa njia ya video.

Njia ya pili ni kumwandikia profesa ambaye kazi yake inalingana na yako hata kabla ya tangazo lolote, ili mtafute fedha pamoja. Barua hiyo iwe fupi. Itaje makala moja au mbili za profesa huyo ambazo umezisoma kwelikweli, ieleze swali la kisayansi unalotaka kulijibu, na ioneshe kwa nini wewe na maabara hiyo mnafaana. Barua moja inayotumwa kwa maprofesa hamsini hutambulika kwa mstari wake wa kwanza na kuachwa.

Wadhamini waandaliwe mapema. Katika vyuo vyetu profesa huenda ana anwani ya barua pepe asiyoifungua kwa majuma. Mwombaji amjulishe kwa simu, amtumie tangazo na wasifu, na amkumbushe kwa adabu tarehe ya mwisho. Maombi mazuri yamepotea kwa kukosa barua moja.

Waliosoma kwa Kifaransa, kama walivyo wengi wa Burundi na Kongo, wana mambo mawili ya nyongeza. Vyeti vyao vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa. Na angalau makala moja iwe imechapishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya maabara na ya usaili. Kiingereza cha kueleza utafiti wako hujengwa kwa mazoezi: eleza tasnifu yako kwa sauti, kwa dakika kumi, mbele ya wenzako, mara kwa mara hadi ulimi uzoee.

Fedha, viza na nyumba

Kiasi cha ufadhili hutajwa kwa rand na kwa mwaka. Mwombaji akigawanye kwa 12 kwanza. Tuseme tangazo limetaja rand 300,000: hizo ni 25,000 kwa mwezi. Humo zitoke kodi ya nyumba, bima ya afya, usafiri, chakula, na kile anachopeleka nyumbani. Cape Town ni miongoni mwa miji ya Afrika Kusini ambako nyumba ni ghali, na mwenye nyumba kwa kawaida hudai amana kabla ya kukabidhi ufunguo. Malipo ya kwanza ya chuo yanaweza kuchukua muda hadi akaunti ya benki ifunguliwe. Anayesafiri bila akiba ya miezi miwili anajitia katika madeni kabla ya kugusa darubini. Ni halali kabisa kuuliza kama mradi unalipa nauli ya ndege, ada ya viza na bima, kwa sababu baadhi ya miradi hulipa na mingine hailipi.

Kuhusu viza, kuruhusiwa kuingia kwa ziara fupi hakumpi mtu ruhusa ya kufanya utafiti kwa mkataba. Raia wa Kenya na Tanzania, ambao huingia Afrika Kusini kwa ziara fupi bila viza, nao wanahitaji kibali kinachofaa kwa utafiti wa muda mrefu. Ofisi ya chuo inayoshughulikia wageni ndiyo ya kuulizwa ni aina gani ya viza inayolingana na barua ya ufadhili, na ubalozi ndio wa kuulizwa ni nyaraka zipi. Mamlaka ya kitaifa iitwayo SAQA ndiyo hukagua vyeti vya nje vinapohitajika. Mambo haya yote huchukua muda. Kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi ipangwe baada ya viza kupatikana, na tiketi isinunuliwe kabla yake.

Jihadharini na matapeli

Palipo na hamu, hapakosi mdanganyifu. Chuo cha haki hakimtozi mtu ada ya kupewa nafasi ya utafiti, wala hakitumi barua ya kukubaliwa kwa mtu ambaye hakuomba. Anwani za mtandao za vyuo vikuu vya Afrika Kusini huishia kwa ac.za, na ya chuo hiki ni uct.ac.za. Tangazo lililopokelewa kwa simu lihakikiwe kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na jina la profesa litafutwe katika orodha ya idara yake. Wakala anayedai kuwa ana kiti mkononi kwa malipo hana kitu.

Njia nyingine, na zilizo karibu na nyumbani

Cape Town ni mlango mmoja. Msomi ambaye masharti yake yamemzuia, au ambaye hawezi kuihama familia, ana milango mingine ya kubisha.

Jijini Nairobi, kituo cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, huwapokea watafiti wa wadudu, afya na kilimo. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, kuna programu ya utafiti ya KEMRI na Wellcome. Entebbe kuna Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambako virusi vya Zika vilitambuliwa mwaka 1947. Kigali kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, EAIFR, iliyoanza mwaka 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, na pia tawi la AIMS, taasisi ya hisabati ambayo ilianzia Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003.

Kwa wanawake, shirika la OWSD, lenye makao Trieste, lina ufadhili kwa waliopata uzamivu katika sayansi na wanaofanya kazi katika nchi zilizo nyuma kisayansi, zikiwemo Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ufadhili huo hufikia dola 50,000, na umekusudiwa kumwezesha mtafiti kuendesha utafiti wake katika taasisi ya nchi yake. Nao mpango wa ARISE, unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na Chuo cha Sayansi cha Afrika chenye makao Nairobi, umewawezesha watafiti chipukizi kujenga makundi yao ndani ya vyuo vya Afrika. Hapa ile kazi ya kudumu inayokuwa kizuizi kwingine huwa ni sifa.

Baada ya miaka miwili

Kelly Chibale aliyetajwa hapo juu alisomea kemia Chuo Kikuu cha Zambia, akapata uzamivu Cambridge, Uingereza, kisha akapita nafasi mbili za aina hii, moja Liverpool na nyingine katika Taasisi ya Scripps nchini Marekani, kabla ya kuajiriwa Cape Town mwaka 1996. Nafasi hizo hazikumpa pensheni wala nyumba. Zilimpa stadi, majina ya watu wa kufanya nao kazi, na muda wa kufikiri juu ya swali moja.

Hicho ndicho kipimo cha haki cha nafasi ya baada ya uzamivu. Anayeondoka aandike kwanza kwenye karatasi mambo matatu atakayorudi nayo: stadi ipi ya maabara au ya uchambuzi ambayo nchini kwake haipo, makala ngapi, na ushirikiano gani utakaodumu baada ya mkataba. Asipoweza kuyaandika, afadhali asubiri tangazo jingine. Akiweza, na barua yake ya kurudi kazini iko salama kwenye faili, basi asome masharti mara ya pili, aulize yaliyofichika, na atume maombi kabla tarehe haijapita.